Baba Yako Alizaliwa Wapi

Ofisa aliyeniambia kwamba mimi si Mtanzania alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa mwisho. Sare yake ilikuwa imenyooshwa vizuri, na mezani kwake, pale Kibaha, palikuwa na chupa ya chai aliyokuwa akijimiminia kidogo kidogo kwa muda wote wa saa mbili alizonihoji. Mimi hakunikaribisha hata maji.

Sikwenda pale kuomba uraia. Nilikwenda kufuatilia kitambulisho cha taifa kwa sababu laini yangu ya simu ilikuwa imefungwa. Ulikuwa ule wakati kila laini ilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na vidole bila namba ya kitambulisho havikufaa kitu. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uliotangulia. Naishi Visiga, peke yangu, kwenye nyumba tuliyoijenga na marehemu mume wangu, na watoto wangu wako mikoani. Majirani waliojaza fomu siku moja na mimi walikuwa wameshapata namba zao. Mimi kila nilipouliza nilipewa jibu lile lile: faili lako lina mashaka, nenda uhamiaji.

"Baba yako alizaliwa wapi?" aliniuliza yule ofisa.

"Msumbiji. Nimeandika kwenye fomu."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Kwa sababu ndiko alikozaliwa."

Akacheka puani. "Mama, wenzako wanaandika Newala, upande wetu wa Ruvuma. Wanaandika Masasi. Wewe umeamua kujichongea mwenyewe."

"Mwanangu, mimi ni mwalimu. Siwezi kuandika uongo kwenye fomu ya serikali."

"Usiniite mwanangu. Hapa niite afande."

Nikamwita afande. Nikamwambia kwamba baba alikuja nchini kabla ya uhuru, kukata mkonge. Kwamba mama yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, kazaliwa Kisarawe, na mama yake naye kazaliwa huko huko. Kwamba mimi nilizaliwa hapa miaka michache baada ya uhuru, mtoto wa mama raia, kwa hiyo ni raia wa kuzaliwa. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza darasa la sita, kwa sababu somo hilo nililifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Somo la uraia. Nilichora ubaoni aina za uraia, wa kuzaliwa, wa kurithi na wa kuandikishwa, na watoto wakanakili.

"Usinifundishe kazi," alisema. "Ualimu si uraia. Na hiyo kadi ya kura uliyoishika, si uraia vilevile. Haya, imba wimbo wa taifa."

Kwenye benchi nyuma yangu walikaa watu wanne wakisubiri zamu. Mmoja nilimfahamu kwa sura, mama muuza mchele wa Mlandizi. Niliwaza kukataa. Kisha nikawaza laini yangu, na nyumba yangu, na jinsi faili linavyoweza kupotea likiwa mikononi mwa mtu uliyemuudhi. Nikasimama nikaimba. Wimbo ule niliwaimbisha watoto kila asubuhi kwa maisha yangu yote ya kazi, na siku hiyo sauti ilinikatika katikati kwa hasira, nikalazimika kurudia mstari. Yeye alikuwa anaandika. Aliposikia nimenyamaza, alisema bila kuinua kichwa, "Ubeti wa pili."

Nilipomaliza akaniambia nilete uthibitisho kwamba mama yangu alizaliwa Kisarawe. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Wanawake wa umri wa mama walizaliwa shambani, nani angewaandika? Basi, alisema, nilete kiapo cha ndugu wa damu aliye hai. Akanipa mwezi mmoja. Nilipomuuliza mwezi ukipita itakuwaje, alifunga faili na kumwita mtu wa nyuma yangu.

Nataka niseme kuhusu baba, kwa sababu pale ofisini alizungumzwa kama mwizi aliyeruka ukuta usiku.

Baba alivuka Ruvuma akiwa kijana, na wenzake wa kijiji kimoja, enzi za Mreno upande ule na Mwingereza upande huu. Mwingereza alikuwa anawataka. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanakula watu, na makampuni yalituma mawakala wao kusini kuwachukua. Walipofika walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Baba alipelekwa shamba moja upande wa Ruvu. Alikuwa Mmakonde mwenye chale usoni, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mama alikuwa anakuja kambini kuuza mihogo ya kuchemsha, na huko ndiko walikoonana.

Uhuru ulipofika, sheria iliyotungwa iliwagawa watu kimya kimya. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Tanganyika, alilala mtawaliwa akaamka raia bila kutia sahihi popote. Mama aliamka raia. Wale waliotoka nje walitakiwa waombe, wajaze fomu, wakubaliwe. Kambini kwa baba hakuna aliyekuja na fomu. Walikuja na bendera, wakagawa soda, na baba akacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Mama alipenda kutusimulia hilo.

Miaka iliyofuata ikawa ya vita vya ukombozi kule kwao, na kuwa mtu wa Msumbiji hapa ilikuwa sifa. Baba aliitwa ndugu. Alipewa kadi ya chama, akalipa ada zake, na watu wa vijiji vya ujamaa walipohamishwa, naye alihamishwa pamoja nao, akapewa kiwanja Visiga. Hakuna aliyemuuliza kazaliwa wapi. Mara moja tu, mimi nikiwa chuo cha ualimu, alikwenda mwenyewe kuulizia uraia wake baada ya kusikia watu wanakaguliwa. Akaambiwa alete hati ya kuzaliwa kutoka kwao. Kwao wakati huo palikuwa panawaka moto, vita ya pili, vijiji vinachomwa. Alirudi nyumbani, akavua viatu, na mbele yetu hakulizungumza tena. Baadaye sheria zikakusanywa upya, vibali vikapandishwa ada, upekuzi ukaongezeka, na yeye akafa kabla ya hivi vitambulisho. Kaburi lake liko Visiga. Nchi iliyomwita kwa namba ili aikatie mkonge sasa ilikuwa inanihoji mimi kwa nini alikuja.

Nilipotoka ofisini nilikwenda moja kwa moja Mbwawa kwa mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu. Yeye analima mboga, ana mashine ya kuvutia maji na vijana wawili wa kumsaidia, na wakati huo alikuwa anashughulikia hati ya kiwanja chake. Nilimkuta anasafisha mashine chini ya kibanda. Nilimsimulia nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alikasirika kweli, lakini hakumkasirikia niliyemtegemea.

"Umewaambia Msumbiji?"

"Ningewaambia wapi?"

Aliweka bisibisi chini. "Dada, mimi nimeandika Newala. Baba, mzaliwa wa Newala. Kitambulisho nimepata wiki tatu. Na watoto wangu wote babu yao ni wa Newala. Kwenye fomu ya ardhi vilevile. Sasa wewe umekwenda kuwaambia Msumbiji, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja na mimi!"

"Kwa nini ulidanganya? Hatukuhitaji kudanganya. Mama ni raia wa kuzaliwa, na sisi tumezaliwa hapa. Sheria inatubeba."

"Sheria ipi? Ile ya ubaoni kwako?" Alikuwa amesimama sasa. "Sheria yako imekuimbisha mbele ya wauza mchele. Ya kwangu imenipa kadi. Unajua asiye raia hamiliki ardhi nchi hii? Unajua wakisema mimi si raia, hiki kiwanja wanakichukua na mazao juu yake?"

Nilijua. Nililifundisha na hilo.

"Ukitaja jina langu pale," alisema, "usikanyage kwangu tena."

Mkewe alikuwa mlangoni na sahani ya mihogo aliyotaka kunipa. Alirudi nayo ndani.

Kisarawe nilikwenda Jumatatu iliyofuata. Ndugu pekee wa mama aliyebaki hai alikuwa mjomba, mdogo wake wa kiume, mzee wa kupita themanini, anayeishi kijijini kwao njia ya Maneromango kwenye shamba la mikorosho na minazi aliloliacha bibi. Sikuwa nimekwenda huko tangu msiba wa mama. Kulikuwa na sababu. Bibi alipofariki, mjomba alitaka shamba lote liwe lake. Mama aligoma, wakafika mahakamani, na ikaamuliwa mama apewe fungu lake, mikorosho ya upande wa bondeni. Hakuwahi kuichuma kwa amani. Alipokufa, mjomba alizika akiwa amesimama mbali, na toka hapo korosho za bondeni zikaingia kwenye magunia yake.

Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Kwa mtu asiyetoka kwetu huenda hilo ni dogo. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na sita, nimevaa kanga ya heshima, nimesimama juani mbele ya mdogo wake mama yangu, na salamu yangu ilikuwa inaning'inia hewani. Nikarudia. Akatema mate pembeni, akaniuliza nimefuata nini.

Nilimweleza. Sikuficha kitu. Nilisema nahitaji aende na mimi mbele ya hakimu aape kwamba mama yangu ni dada yake na alizaliwa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya bakora.

"Kwa hiyo wewe na mdogo wako mmeambiwa ni wageni."

"Nimeambiwa mimi."

"Mimi nilimwambia mama yako. Nilimwambia usiolewe na yule mtu wa kuja, utazaa watoto wasio na kwao. Hakunisikia." Alionyesha bondeni kwa bakora. "Andika kwanza kwamba huna fungu pale, wewe na mdogo wako na vizazi vyenu. Uandike mbele ya mtendaji. Ukishaandika, nitaapa."

"Na nisipoandika?"

"Basi mama yako simjui. Mgeni hamiliki shamba. Wakikufukuza nchini, bondeni ni kwangu tu."

Alikuwa amepiga hesabu haraka kuliko mimi. Nikimpa shamba, anaapa. Nisipompa, ananikana, nakuwa mgeni, analipata lile lile. Nikamwambia kwamba mama alikuwa akimbeba mgongoni akiwa mtoto, jambo ambalo bibi mwenyewe alitusimulia, na kwamba leo anamkana kwa ajili ya korosho.

"Ondoka hapa kwangu," alisema, "kabla sijawaita vijana wakutoe."

Niliondoka. Njia nzima ya vumbi mpaka kituoni nilikuwa nazungumza peke yangu kama mwehu, nikimtukana mjomba kwa matusi ambayo ningemchapa mwanafunzi kwa kuyatamka. Na katikati ya matusi hayo ndipo nilipokumbuka ile kesi. Walifika mahakamani. Mahakamani kuna faili. Na aliyefungua ile mirathi alikuwa mjomba mwenyewe.

Mahakama ya mwanzo ya kule Kisarawe ilikuwa na karani mmoja, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinijibu kwamba mafaili ya zamani hayapatikani. Siku ya pili alisema niandike barua. Niliandika pale pale juu ya goti, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, akaisoma, akaniangalia.

"Wewe ni mwalimu?"

"Nilikuwa."

"Mwaka wa kesi huujui?"

"Najua ni mwaka aliofariki bibi yangu. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini."

Siku ya tatu alinifungulia stoo akaniambia tutafute wote, yeye hana msaidizi. Tulitafuta kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, tukapiga chafya, tukafukuza panya. Ni yeye aliyeliona. Jalada la kijani lililoliwa pembeni, lina majina ya bibi juu yake. Ndani, ukurasa wa pili, maelezo ya mwombaji, yaliyoandikwa kwa mkono wa hakimu wa wakati huo na kutiwa dole gumba la mjomba. Alisema marehemu alizaa watoto watatu. Mmoja marehemu. Wa pili ni yeye. Wa tatu, dada yake wa tumbo moja, aliyezaliwa hapa kijijini kama yeye, ila hastahili shamba kwa sababu ameolewa Kibaha na manamba wa Msumbiji.

Alisema hivyo kumdhalilisha mama, na hakimu akayaandika yote. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia. Karani alinigongea muhuri nakala mbili bila kuniuliza nalilia nini.

Kabla ya kuipeleka Kibaha nilimtumia mdogo wangu ujumbe kupitia jirani yake, kwamba nimepata karatasi inayotuokoa sote, aje twende pamoja akarekebishe maelezo yake kwa hiari yake. Jibu lilikuja kwa mdomo wa jirani huyo huyo: mwambie asinitafute.

Yule afande alisoma nakala mara mbili. Nilimwona akifika kwenye maneno "aliyezaliwa hapa kijijini" na kurudi nyuma kuyasoma tena, kama anayetafuta ufa.

"Kwa nini hukuileta tangu mwanzo?"

Nilikuwa nimejizuia muda mrefu. "Kwa sababu mama yangu ulimuulizia mwisho. Ulianza na baba, na ulishaamua."

Akanisukumia fomu nyingine. Ilikuwa na sehemu ya ndugu wa kuzaliwa nao: jina, mahali anapoishi, jina la baba, mahali baba alipozaliwa.

Ningependa niseme kwamba niliijaza kwa sababu mimi ni mtu wa kweli. Ukweli ulikuwemo. Woga nao ulikuwemo, kwa sababu chini ya fomu iliandikwa kwamba kuficha taarifa ni kosa. Na hasira ilikuwemo, tena kubwa. Nilikuwa nimeimbishwa, nimefukuzwa kwa mjomba, nimefuatilia jalada siku tatu, na mdogo wangu alikuwa amekaa Mbwawa na kadi yake akinizuia kukanyaga kwake. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa. Mahali baba alipozaliwa: Msumbiji.

Namba yangu ilitoka baada ya wiki mbili. Yeye aliitwa wiki hiyo hiyo. Siku tatu mfululizo walimweka kwenye lile benchi toka asubuhi mpaka ofisi inafungwa, wakamuuliza nani alimfundisha kudanganya, wakamtishia kesi, wakamnyang'anya kadi. Maombi yake ya hati yakasimamishwa. Alikaa miezi mitano bila kitambulisho, na msimu mmoja wa nyanya ulimharibikia akiwa njiani kwenda na kurudi. Mwisho alirudishiwa kadi, na maelezo ya watoto wake yakarekebishwa. Uthibitisho waliotumia ni ile nakala ya mahakama niliyoipeleka mimi. Aliapa upya, akapewa onyo. Sheria ilimbeba, kama nilivyomwambia. Nilikuwa sahihi kila neno, na sijui nani amewahi kufaidika na usahihi wa namna ile.

Idi iliyofuata nilipika pilau nikaipakia kwenye hotpoti, nikaenda nayo Mbwawa. Alinifungulia geti nusu, akasimama katikati ya nafasi ile. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja kukuomba msamaha kwa yaliyokupata," nilisema. "Lakini sikuweza kumwandika baba mtu wa mahali asipotoka. Ingekuwa kama kumkana."

"Nani alikwambia ni kumkana?"

"Mwenyewe angejisikiaje?"

Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto wasiojua wanachokisema.

"Baba ndiye aliyeniambia niandike Newala," alisema. "Alipokuwa anaumwa. Wewe ulikuwa shuleni kwako. Aliniambia, watakapowauliza semeni Newala, mimi nilikwenda na ukweli wakanirudisha. Alinifundisha mpaka jina la kijiji."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Alisema wewe huwezi kudanganya, utatuchongea."

Watoto wake walikuwa wanacheza nyuma yake na nguo zao mpya. Mmoja alitaka kunikimbilia, akamshika bega. Hakuichukua hotpoti. Alifunga geti taratibu, bila kulibamiza, akasukuma komeo.

Nilisimama pale nje muda mrefu kuliko ilivyofaa. Wapita njia walinisalimu Idi njema nami nikawaitikia. Kisha nikaanza safari ya kurudi Visiga, na kwa mara ya kwanza katika mambo yote haya niliyekuwa namkasirikia alikuwa baba.